Kitambaa cha Dunia

Natumaini mmekwisha kukaa vizuri, kila mtu ana penseli na daftari lake, na wale walio nyuma wanasikia vema. Nanyi mnaosoma maneno haya katika karatasi baada ya kuyasikia, someni polepole. Kila mkifika kwenye neno msilolijua, lipigieni mstari chini, kisha mmwulize mwalimu wenu. Kuuliza si ujinga.

Leo tutazungumza habari za neno moja fupi la Kiingereza. Herufi zake ni 3 tu: m, a, p. Neno lenyewe ni "map". Sisi kwa Kiswahili twasema ramani.

Labda mmoja wenu atasema, "Ya nini kujisumbua kwa neno la watu wengine? Mimi nataka kusoma barua zangu na kuhesabu fedha zangu." Ni swali la haki, na jibu lake ni hili. Siku moja utaletewa ramani mezani. Huenda ikawa ramani ya kijiji, au ya kiwanja, au ya shamba ulilorithi kwa baba yako. Utaambiwa, "Tia sahihi hapa." Wakati huo itakufaa sana kujua ramani ni kitu gani hasa. Na neno hili fupi, tukilifuata mpaka lilikotoka, litatufundisha jambo hilo.

Haya, tuanze safari yetu katika mji wa Roma, zamani za kale, yapata miaka 2,000 iliyopita. Warumi walikuwa wakila kwa mikono. Kwa hiyo kila mlaji alihitaji kitambaa cha kupangusia vidole na midomo. Kitambaa hicho walikiita "mappa". Mgeni aliyealikwa karamuni mara nyingi alikwenda na kitambaa chake mwenyewe, na wengine walikitumia kufungia chakula kilichobaki, wakaenda nacho nyumbani. Nadhani jambo hilo halitawashangaza. Hata kwetu mgeni wa arusini hufungiwa pilau akapelekee watoto.

Kitambaa hicho kilikuwa na kazi nyingine pia. Warumi walipenda sana mashindano ya magari ya farasi. Watu walipokwisha kujaa uwanjani, mkubwa wa michezo alisimama mahali pa juu akakiangusha kitambaa. Kilipoanguka tu, farasi walitoka mbio.

Je, Warumi wenyewe walilipata wapi neno hilo? Mwalimu mmoja wa Roma jina lake Quintilian, aliyezaliwa Hispania katika karne ya kwanza, aliandika kwamba "mappa" ni neno la watu wa Carthage. Carthage ulikuwa mji mkubwa wa wafanya biashara katika Afrika ya Kaskazini, karibu na mahali ulipo leo mji wa Tunis. Warumi waliuvunja mji huo mwaka 146 kabla ya kuzaliwa Kristo. Basi kama Quintilian alisema kweli, neno hili ambalo watu hulidhani ni la Kizungu tangu asili lilisemwa kwanza na watu waliokaa katika ardhi ya Afrika.

Sasa mtauliza: kitambaa cha kupangusia mikono kiliwezaje kugeuka kuwa ramani?

Baada ya dola ya Roma kuanguka, wataalamu wa Ulaya waliendelea kuandika kwa Kilatini, yaani lugha ya Warumi. Walipotaka kuchora picha ya dunia yote, waliichora juu ya kitu kipana kilichotandazwa kama kitambaa cha meza. Wakaiita picha hiyo "mappa mundi". "Mundi" maana yake ni "ya dunia". Kwa hiyo maneno hayo mawili maana yake ni kitambaa cha dunia.

Ramani moja ya namna hiyo ipo mpaka leo katika kanisa kuu la mji wa Hereford, nchini Uingereza. Ilichorwa yapata mwaka 1300, juu ya ngozi ya ndama mmoja. Urefu wake ni karibu mita 1.6, na upana wake zaidi kidogo ya mita 1.3. Aliyeichora aliweka Yerusalemu katikati. Juu hakuweka kaskazini kama tulivyozoea sisi, bali mashariki. Bahari ya Shamu, ambayo Waingereza huiita Bahari Nyekundu, imepakwa rangi nyekundu kwelikweli. Angalieni jambo moja: ilichorwa juu ya ngozi, lakini watu waliendelea kuiita kitambaa. Neno likishazoeleka huendelea na safari yake, hata kama kitu chenyewe kimebadilika.

Miaka ilipopita, watu waliona maneno mawili ni marefu mno. Wakaiacha "mundi", wakabaki na neno la kwanza. Waingereza wakalikata hata hilo, na katika karne ya 16 walikuwa wakisema "map" tu.

Neno hili lina ndugu zake katika Kiingereza. Wafaransa walilichukua neno la Warumi wakaigeuza herufi ya m kuwa n, wakasema "nappe", yaani kitambaa cha meza. Waingereza wakalipokea kwao, wakaongeza mkia wenye maana ya kitu kidogo, wakapata "napkin", kile kitambaa kidogo cha kupangusia mikono mezani. Nguo anayoifunga mpishi mbele ya tumbo waliiita "napron". Lakini mtu akisema kwa haraka "a napron", msikiaji hawezi kujua herufi ya n ni ya neno lipi. Masikio yakakosea, n ikahama, wakaanza kusema "an apron". Ndilo neno tunalolijua katika Kiswahili kama aproni. Basi ramani, kitambaa cha mezani na aproni ya mpishi, kwa Kiingereza ni watoto wa bibi mmoja walioolewa vijiji mbalimbali.

Kwa watu wa pwani yetu, kitambaa chenye habari juu yake si kitu kigeni. Kanga ina maneno yake, na mwanamke anapoivaa, wenye kujua kusoma huyasoma. Jina la pili la kanga ni leso, neno tulilolipata kwa Wareno, na maana yake kwao ilikuwa kitambaa cha mkono. Kama vile leso ilivyotoka mkononi ikaja kuvaliwa mwilini, ndivyo na kitambaa cha Warumi kilivyotoka mezani kikaja kubebeshwa dunia nzima.

Waingereza wana neno lingine, "chart", na hasa hulitumia kwa ramani ya baharini. Neno hilo lilianzia Misri. Kando ya mto Nile huota mafunjo, na Wamisri wa kale walitengeneza kwayo kitu cha kuandikia. Wayunani waliita ukurasa wa mafunjo "khartes". Warumi wakasema "charta", na kutoka kwao yakatoka maneno ya Kiingereza "chart" na "card". Waarabu nao walilipokea neno hilohilo kwa njia nyingine, wakasema "qirtas". Sasa litamkeni neno hilo taratibu: qirtas, kirtasi, karatasi! Naam, karatasi iliyo mbele yako sasa hivi ina jina lililo ndugu wa "chart" ya Mwingereza. Hata kadi ya harusi, na karata wanazocheza vijana barazani, ni wa ukoo huohuo. Karata ilikuja kwa Wareno, kadi ikaja kwa Waingereza, na karatasi ikaja kwa Waarabu. Wote wakakutana katika Kiswahili.

Lakini msidhani kila maneno yanayofanana ni ndugu. Kitabu cha ramani nyingi huitwa atlasi. Jina hilo lilianza mwaka 1595, kilipochapishwa kitabu kikubwa cha ramani cha Gerardus Mercator, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Alikipa jina la Atlas, mfalme wa hadithi za kale. Na katika Kiswahili iko atlasi nyingine, nguo laini ya kung'aa. Hiyo ilitoka katika Kiarabu. Maneno hayo mawili yamefanana sura tu, kama watu wawili wanaofanana sokoni na hali hawana udugu.

Na neno letu ramani, je, asili yake ni nini? Tukilifuata tunafika Uajemi. Katika Kiajemi "rah" ni njia, na "nama" ni chenye kuonyesha. "Rahnama" ni kitu kinachoonyesha njia. Mabaharia Waarabu waliligeuza wakasema "rahmani", nalo lilikuwa jina la kitabu cha safari za baharini. Ndani yake ziliandikwa nyota za kufuata, majira ya pepo, bandari na miamba ya kuepuka. Baharia mmoja mwenye sifa kubwa, Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa pande zinazoitwa leo Ras al-Khaimah katika Ghuba, aliandika kitabu kikubwa cha elimu hiyo yapata mwaka 1490. Aliandika pia shairi la njia za kwenda Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo. Mtu aliyeijua elimu hiyo chomboni aliitwa mwalimu. Ndiyo, mwalimu wa chombo, yule aliyewaonyesha mabaharia njia.

Sasa wekeni maneno hayo pamoja. "Map" ni kitambaa. "Chart" ni karatasi. Ramani ni kionyesha njia. Mwingereza amekiita kitu kwa kile kilichotengenezewa, nasi tumekiita kwa kazi yake. Yote mawili ni kweli, na kila mwenye kusoma ramani yampasa kuyakumbuka yote mawili. Ramani huonyesha njia, ndiyo. Lakini ni kitambaa tu, ni karatasi tu, na mkono wa mwanadamu ndio ulioandika juu yake. Ramani si ardhi yenyewe. Ardhi haikosei, lakini aliyechora aweza kukosea, au aweza kuchora kwa faida yake.

Nitawapa mifano 3.

Mfano wa kwanza ni ile ramani ya Hereford. Fundi wake alikuwa na mkono mzuri sana. Lakini palipoandikwa majina ya mabara kwa herufi kubwa za dhahabu, jina la Ulaya limewekwa juu ya Afrika, na jina la Afrika limewekwa juu ya Ulaya! Ramani yaweza kupendeza kwa dhahabu na bado ikawa na kosa.

Mfano wa pili unatuhusu sisi. Mwaka 1856 ilichapishwa Ulaya ramani ya nchi zetu, kazi ya wamisionari wawili waliokaa Rabai karibu na Mombasa, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann. Hawakufika wenyewe kwenye maziwa makuu. Waliwauliza watu wa misafara, watu waliokwenda bara na kurudi. Waliokwenda kwa njia ya Ujiji walisema, "Tulifika kwenye maji makubwa." Waliokwenda kwa njia ya kusini, nao walifika kwenye maji makubwa. Na habari za maji ya kaskazini zilikuwa hivyohivyo. Basi wachoraji wakaona kwamba maji hayo yote ni mamoja, wakachora ziwa moja refu ajabu, lenye umbo kama konokono asiye na gamba. Ramani hiyo iliwashangaza watu wa Ulaya, wakaleta wasafiri kutazama. Richard Burton na John Speke walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858, na mwezi wa Agosti mwaka huohuo Speke akaliona ziwa lile lililokuja kuitwa Victoria. Ikajulikana Ulaya kwamba maziwa ni mbalimbali: Tanganyika, Victoria na Nyasa. Wenyeji waliokaa kando ya maziwa hayo, bila shaka, walilijua jambo hilo tangu babu zao.

Fikirini kidogo. Wasafiri wale hawakusema uongo; kila mmoja alisema aliyoyaona. Kosa lilikuja pale habari 3 za kweli zilipounganishwa kalamuni na mtu ambaye hakuona kwa macho yake.

Mfano wa tatu ni wa mwaka 1886. Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana sehemu ya Afrika ya Mashariki. Mstari ulianzia mahali mto Umba unapoingia baharini, ukaenda mpaka ziwa Jipe, ukazunguka upande wa kaskazini wa mlima Kilimanjaro, kisha ukanyoka mpaka ziwa Victoria. Tazama ramani ya leo, utauona mstari huo bado. Ndio mpaka wa Kenya na Tanzania. Waliopatana hawakuwauliza Wadigo wala Wamasai, ambao mstari uliwapita katikati. Nchi za Afrika zilipokwisha kupata uhuru, viongozi wao walikutana Cairo mwaka 1964 wakakubaliana kuiheshimu mipaka waliyoikuta wakati wa uhuru, ili kuepuka vita. Basi mstari wa kalamu waweza kuishi kuliko mtu aliyeuchora, na watu ambao hawakuwapo mezani wakaendelea kuishi nao.

Sasa turudi kwenye meza yako wewe. Umeletewa ramani ya shamba. Usiogope, wala usione haya. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ramani ni daftari la ardhi. Kabla ya kutia sahihi, uliza maswali 4.

Swali la kwanza: Nani aliichora, na lini? Tafuta jina na tarehe pembeni mwa karatasi. Ramani ya zamani haiwezi kuonyesha nyumba uliyoijenga mwaka jana.

Swali la pili: Alijuaje? Je, mpimaji alifika shambani, akatembea mpakani pamoja nawe na majirani, akaweka mawe ya mpaka? Au alichora kwa habari za kuambiwa, kama wale wa Rabai?

Swali la tatu: Kaskazini ni upande gani? Tafuta mshale wa kaskazini. Igeuze karatasi mpaka mshale ulingane na kaskazini ya kweli. Hapo ndipo mto, njia na mti mkubwa utaviona kila kimoja mahali pake.

Swali la nne: Kipimo chake ni nini? Utaona namba kama hizi, 1:2,500. Maana yake, sentimita 1 katika karatasi ni sentimita 2,500 katika ardhi, yaani mita 25. Basi sentimita 4 za karatasi ni mita 100 za ardhi. Shamba lenye sentimita 4 kila upande ni mita 100 kwa mita 100, nayo ni hekta 1 kamili. Sasa kama wewe wajua kwamba shamba lako lina urefu wa mita 200, na katika karatasi rula inakuonyesha sentimita 4 tu, weka kalamu chini. Uliza kwa adabu, "Nusu ya shamba langu imekwenda wapi?" Swali hilo moja laweza kuokoa urithi wa watoto wako. Kama hukuridhika, omba siku za kufikiri, mwite jirani aliye mpakani nawe, mwendeni shambani mkiwa na karatasi mkononi. Haraka haraka haina baraka.

Neno "map" limeendelea kukua hata katika siku zetu. Liko katika simu za mkononi, ambapo ramani huonyesha barabara na mahali ulipo. Wataalamu wa mwili nao hulitumia kwa kupanga habari za chembe za urithi. Lakini popote linapokwenda, maana yake ya kwanza inabaki: kitu kilichotandazwa, na mtu akaandika juu yake anayoyajua. Hata ramani ya simu ilichorwa na watu, na wakati mwingine hukuonyesha njia pasipo na njia.

Kazi ya juma hili ni hii. Kila mmoja achore ramani ya njia ya kutoka nyumbani kwake mpaka darasani. Weka mshale wa kaskazini. Hesabu hatua zako, na katika karatasi sentimita 1 iwe hatua 100. Onyesha kisima, duka, njia panda na mti unaojulikana na watu wote. Pembeni andika jina lako na tarehe. Kisha mpe mwenzako asiyekujua kwenu, umwone kama ataweza kufika. Akipotea, usimcheke, rudini pamoja mtazame ni wapi kalamu ilikosea.

Na haya ni maswali ya kujibu darasani:

1. Neno "mappa" lilikuwa na maana gani kwa Warumi?
2. Neno karatasi lina udugu gani na neno "chart"?
3. Kwa nini ramani ya mwaka 1856 ilionyesha ziwa moja badala ya maziwa 3?
4. Katika ramani ya 1:2,500, sentimita 6 ni mita ngapi shambani?

Basi nakuageni, ndugu zangu. Tunzeni karatasi hii. Kwaherini, mpaka juma lijalo.